Aliyekutwika Ndiye Akutue

"Kaka Leo, kwani kwa nini usitue tu mwenyewe?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tano, nimesimama mbele yake na ndoo tupu mkononi. Yeye alikuwa amesimama katikati ya uwanja wa nyumba yao, mgongoni ana kilo thelathini za mchanga, jasho linamdondoka kwenye ncha ya pua. Aliniangalia kidogo, halafu akasema, "Neta, nenda ukale."

Nikaenda kula. Nilikula harakaharaka, nikarudi kuangalia.

Jina lake kamili ni Leodgar Damas. Baba yake ni kaka yake baba yangu, kwa hiyo kwangu ni baba mkubwa, na nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa minyaa tu. Kijiji chetu kiko njia ya Sikonge. Watu wanalima tumbaku, na wakishauza tumbaku wanaingia porini kurina asali. Nyuma ya shule ya msingi kuna njia ya mchanga ambayo wazee wanasema ndiyo waliyopita wapagazi zamani za misafara, wakienda pwani na meno ya tembo na kurudi na majora ya vitambaa. Hakuna kibao chochote. Ukiiona utadhani ni njia ya ng'ombe, na kweli ng'ombe wanapita.

Kaka Leo alitaka jeshi. Alimaliza kidato cha nne akapata divisheni foo ya mwishomwisho, na tangu hapo hakuzungumza kitu kingine. Mwaka wa kwanza alipokwenda kwenye usaili alikuta nafasi zimejaa. Mwaka wa pili aliamka na malaria siku ileile ya kukimbia, akakimbia nayo, akaanguka mzunguko wa tatu. Mwaka huu ninaousimulia ulikuwa wa mwisho kwake, maana mwakani angekuwa amevuka umri.

"Nikikosa, basi," alimwambia mama yake, Mama Josepha, nikiwa nawasaidia kufunga majani ya tumbaku kwenye vijiti vya kukaushia ndani ya bani. "Nitakaa hapahapa nivute moshi wa bani mpaka nizikwe."

"Utakaa na sisi," mama yake akasema. "Kuna ubaya gani?"

Kaka Leo alitupa jicho kibarazani. Mimi mwenyewe, mtoto, nilielewa kwamba ubaya ulikuwa umekaa kwenye kiti cha kamba pale kibarazani, unasikiliza redio.

Baba mkubwa Damas aliwahi kwenda jeshini alipokuwa kijana. Alirudi wiki ya nne. Hilo lilikuwa jambo ambalo kijiji kizima kilijua na hakuna aliyelisema mbele yake. Aliyelisema nyuma yake sana ni Zablon, fundi baiskeli, ambaye kibanda chake kilitazamana na uwanja wao.

"Yule?" Zablon alikuwa akisema huku anaziba pancha. "Walimrudisha na mkeka wake! Matembezi ya mizigo, kilomita ya nane, puu! Kama embe."

Halafu baba mkubwa akitokea, Zablon huyohuyo: "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unasema nini?"

"Nasema jua kali, mzee."

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja ambayo sijaiona nyumba nyingine. Ukibeba mzigo, hutui mwenyewe. Aliyekutwika ndiye akutue. Baba mkubwa alisema wameirithi kwa babu wa babu yake, aliyekwenda pwani mara tatu na mzigo begani. Kwenye msafara, alisema, aliyejitua mwenyewe njiani alifukuzwa penye moto wa kambi, akala peke yake na fisi wanamsikiliza. Sijui kama ni kweli. Nimemuuliza mwalimu wetu wa historia, akasema hajawahi kusoma kitu kama hicho, lakini akasema pia kwamba si kila kitu kimeandikwa. Mimi ninachojua ni kwamba Mama Josepha akitoka kisimani na ndoo kichwani, na aliyemtwika yuko nyuma anachota bado, alisimama nje ya jiko lake mwenyewe na ndoo kichwani, anamsubiri.

Mazoezi yalianza kwa maneno ya Shomari, kijana wa jirani aliyekuwa jeshini na amekuja likizo. Baba mkubwa alimwita, akampa asali, akamwuliza kule wanabeba nini.

"Inategemea, mzee. Begi, vifaa, maji. Labda kilo ishirini hivi. Mnatembea, mnapumzika, mnatembea."

"Wakibeba ishirini, huyu abebe thelathini," baba mkubwa akasema. "Akifika kule aone wanamchezea."

Shomari alicheka. "Taratibu mzee. Unaanza na kidogo. Mwili si gunia."

"Mwili wa nani?"

Shomari akamaliza asali yake.

Begi alilishona Mama Josepha kwa salfeti mbili za mbolea, moja ndani ya nyingine. Mikanda ilikuwa tyubu ya baiskeli, kutoka kwa Zablon. Tyubu ni nzuri kwa kufungia kuni kwenye keria kwa sababu inavutika na inabana. Hakuna aliyefikiria kwamba itafanya vivyo hivyo kwenye kwapa la mtu. Mchanga waliupima kwenye mizani ya tumbaku ya chama cha ushirika. Kumi na tano wiki ya kwanza, ishirini ya pili, kisha ishirini na tano, kisha thelathini. Safari yenyewe ilikuwa kutoka uwanjani kwao, kushika ile njia ya wapagazi mpaka kwenye daraja la zege, na kurudi. Zablon aliipima kwa kuhesabu mizunguko ya tairi, akasema ni kilomita kumi na mbili na mita kadhaa ambazo hakuwa na uhakika nazo kwa sababu mbwa alimkimbiza.

Kila alfajiri baba mkubwa alimtwika. Kila asubuhi kaka Leo alirudi, akasimama katikati ya uwanja, na baba mkubwa akatoka kumtua. Siku za mwanzo alitoka mara moja. Baadaye akawa anamaliza kwanza chai. Baadaye chai na taarifa ya habari. Baadaye akimwona mwanawe anaingia uwanjani, ndipo anachukua maji kwenda kuoga.

"Jeshini hawakungoji wewe," alisema. "Wewe ndiye unawangoja."

Kusimama ndiko kulikuwa kubaya kuliko kutembea. Kaka Leo haruhusiwi kukaa, haruhusiwi kuegemea nguzo. Ukitembea mzigo unacheza. Ukisimama unakaa sehemu moja.

Sasa kuna jambo moja lazima niliseme. Baba mkubwa hakuwa na muda wa kumfuata porini kuangalia kama anapumzika. Kwa hiyo alitutumia sisi watoto. Jioni alikaa kibarazani na sufuria la masega, akatuita.

"Nani alipita njia ya darajani leo?"

"Mimi!"

"Kaka yenu Leo alitua?"

Aliyesema ndiyo, na akaeleza wapi, na chini ya mti gani, alipata sega la asali la kutafuna. Aliyesema sijui alipata "haya, nenda." Kesho yake kaka Leo aliongezewa tofali moja juu ya mchanga. Mimi nilipata sega mara mbili. Mara ya kwanza nilimwona kweli, amekaa kwenye kichuguu, begi liko pembeni, anajikanda bega. Mara ya pili sikumwona, nilisema tu, kwa sababu Justus mtoto wa Zablon alikuwa amepata la kwake na mimi nilikuwa nimelitamani. Tofali la siku hiyo lilikuwa la kwangu.

Hakuwahi kunigombeza. Alianza tu kuepuka kukaa kwenye vichuguu.

Mama Josepha alimhurumia mara moja. Ilikuwa siku ya mvua ya manyunyu, baba mkubwa alikuwa bado anaoga, na kaka Leo alikuwa amesimama na mzigo, amelowa. Mama Josepha alitoka jikoni, akashika begi kwa chini, akamwambia, "Toa mikono, mwanangu." Kaka Leo akatoa mikono. Begi likawekwa chini polepole, kama mtoto aliyelala.

Baba mkubwa alitoka bafuni na taulo kiunoni.

Hakupiga mtu. Alilishika begi, akalirudisha mgongoni kwa mwanawe, akakaza tyubu zote mbili. "Darajani," akasema. "Upya. Huyu aliyekutua hakuwa amekutwika, kwa hiyo hujatuliwa." Halafu akamgeukia mkewe. "Na wewe ukimhurumia tena, atakwenda mara mbili."

Kilomita nyingine kumi na mbili, kwenye manyunyu. Mama Josepha aliingia jikoni, na tangu siku hiyo kaka Leo akirudi na mzigo yeye alikuwa anaufunga mlango wa jiko.

Siku ya lile swali langu ilikuwa Jumamosi, wiki tatu kabla ya usaili.

Baba mkubwa alimtwika alfajiri kama kawaida. Halafu akapanda baiskeli kwenda Sikonge kuonana na mnunuzi wa asali. "Saa nne nimerudi," alisema. Kaka Leo alirudi kutoka darajani kama saa mbili na nusu, akasimama mahali pake. Pale mahali palikuwa pameshakuwa na kijishimo cha nyayo.

Saa nne ikapita.

Hatukuwa na shule. Watoto tulikuwa wa kwanza kuja kutazama. Halafu Zablon akaona jua linamfuata kibandani, au alisema hivyo, akahamisha baiskeli aliyokuwa anaitengeneza akaja nayo upande wetu, kwenye kivuli cha ghala la tumbaku, ambapo kwa bahati unaona uwanja wote. Wakaja vijana wawili waliokuwa wanakwenda mnadani. Akaja Mama Benedikta wa kwaya.

"Jamani, mtoto wa watu huyu!" Mama Benedikta akasema. "Amesimama tangu lini?"

"Tangu mbili na nusu."

"Yesu na Maria." Akakaa kwenye gogo, akafungua kanga yake, akaanza kumenya karanga.

"Baba Leo yuko wapi?"

"Sikonge."

"Basi si atue?"

"Hatui huyo," Zablon akasema. "Naweka soda. Hatui."

"Atatua," kijana mmoja akasema. "Kabla ya saa sita. Mwangalie goti."

"Leo! Ukitua nakupa soda nusu!"

"Usitue bwana, mimi nimeweka soda yangu kwako! Kaza!"

Kaka Leo alisema, "Nyie hamna kazi?" Watu wakacheka sana, kwa sababu kweli kila mtu alikuwa na kazi, alikuwa ameileta palepale.

Saa tano na nusu hivi Mama Josepha alifungua mlango wa jiko. Alimletea maji kwenye kikombe cha bati akamnywesha, maana kunywa hakukukatazwa. Alimwambia kitu kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya chini. Kaka Leo akatikisa kichwa. "Mama, ingia ndani," akasema kwa Kiswahili, tukasikia wote. Akaingia.

Ndipo nilipomwuliza swali langu. Nilikuwa nataka kujua kweli. Tyubu zilikuwa zimezama kwenye fulana mpaka huoni mpira, unaona mfereji tu. Nilimzunguka kuangalia kwa nyuma, halafu nikaja mbele, nikamwuliza. Akaniambia nenda ukale.

Niliporudi, Zablon alikuwa ameloweka shati lake lenye grisi, amelisuuza, na amelianika juu ya begi. "Nguzo ya bure," alikuwa anasema, "kwa nini nichimbe nyingine?" Kila mtu alikuwa anacheka. Mama Benedikta alikuwa anacheka huku anasema acheni dhambi. Na mimi nilicheka, shati lilikuwa linadondosha maji kwenye visigino vya kaka Leo na yeye hawezi kulitoa, na tangu siku hiyo jina lake pale kijijini likawa Nguzo.

Kama saa saba mkono wake wa kulia uliachia mkanda. Alikuwa ameishika mikanda kwa mikono yote miwili, vidole viko juu ya kifua, na ule wa kulia ukateleza tu, ukaning'inia. Akajaribu kuurudisha. Ukafika kiunoni, ukaanguka. Akajaribu tena.

"Anatusalimia!" kijana mmoja akasema. "Marahaba!"

Kaka Leo aliuangalia ule mkono kama mtu anayeangalia kuku wa jirani ameingia ndani. Halafu akaacha kujaribu.

Baba mkubwa alirudi saa nane kasoro. Aliteremka kwenye baiskeli mbali, akaja anaikokota, anawaangalia watu, anamwangalia mwanawe. Nilidhani atakasirika kwa lile shati. Alilitoa, akamrushia Zablon, lakini uso wake ulikuwa umefunguka hivi, sijawahi kuuona hivyo kabla wala baada.

"Hakutua?"

"Hakutua, mzee," Zablon akasema. "Mungu shahidi. Tulikuwepo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo!" tulisema watoto wote. Kwa mara ya kwanza tulisema bila sega.

Baba mkubwa alizunguka nyuma, akalishika begi kwa chini. "Toa mikono," akasema. Kaka Leo alitoa wa kushoto. Wa kulia baba yake aliutoa mwenyewe, kama unavyomvua mtoto sweta. Akaweka begi chini. Akamgeuza mwanawe, akamshika mabega hapo hapo palipochunika. "Sasa wewe ni mtu," akamwambia, na watu wakapiga makofi. Mama Benedikta akapiga kigelegele. Mama Josepha alileta uji, kaka Leo akanyoosha mkono wa kulia kupokea, mkono haukwenda, bakuli likaanguka.

Zahanati walisema mshipa wa begani umebanwa. Walisema pumzika, usibebe kitu, mkono unaweza kurudi kwa miezi mitatu, unaweza kuchukua mwaka. Baba mkubwa alisema wiki tatu zinatosha. Alimkanda kwa chumvi ya moto. Alimkanda kwa nta ya nyuki. Wiki ya pili akamrudishia begi, mkanda mmoja tu, wa kushoto, kilo kumi na tano, "ili pumzi isipotee."

Siku ya usaili tulikwenda Tabora mjini wanne: baba mkubwa, Mama Josepha, kaka Leo, na mimi, ambaye nilipewa kazi ya kushika chakula. Vijana walikuwa wengi uwanjani, vifua wazi, namba zimeandikwa kwa chaki kwenye mapaja. Sisi tulisimama nje ya uzio.

Kwanza walikimbia. Kaka Leo alikimbia mkono wa kulia umebandikwa tumboni, na hata hivyo alikuwa wa pili katika kundi lake. Wa pili! Mama Josepha alinibana mkono mpaka nikaumia. Baba mkubwa alikuwa anasema peke yake, "Pumzi hiyo. Mnaiona pumzi hiyo?"

Halafu wakaambiwa walale chini, pushapu. Kaka Leo alikwenda chini. Uso wake ukagonga majani. Akajiinua kwa mkono mmoja, akakaa upandeupande, akaanguka tena. Waliokuwa jirani yake walikuwa wanahesabu kwa sauti, kumi na mbili, kumi na tatu, yeye bado yuko kwenye moja.

Afande mmoja akamsimamisha. Walikuwa karibu na uzio, tulisikia kila kitu.

"Mkono una nini?"

"Hauna kitu, afande."

"Nyoosha juu. Yote miwili."

Ulikwenda mmoja.

Afande alimgeuza mgongo. Alama za tyubu zilikuwa bado ziko pale, mistari miwili myeusi kutoka mabegani kwenda kwapani. Akazipitishia kidole. "Hii ni nini? Nani alikupa mazoezi haya?"

Baba mkubwa alikuwa ameshika waya za uzio kwa mikono yote miwili.

"Mwenyewe, afande," kaka Leo akasema.

"Basi umejiharibu mwenyewe. Ulikuwa unakimbia vizuri." Akamfutia ile namba pajani kwa kiganja. "Nenda nyumbani kijana. Anayefuata!"

Baba mkubwa aliondoka kwa baiskeli kabla yetu; sisi tulingoja gari mpaka jioni. Tulipofika kijijini alikuwa ameshawaambia watu. "Pumzi anayo," alisema. "Mkono ndio umekataa. Hiyo ni damu ya kwa mama yake, kule hawana mabega." Mama Josepha alikuwa anapita na sinia la mchele, akasikia. Asubuhi yake lile begi lilikuwa limekatwa, tyubu zimefunga kuni.

Nilidhani habari itaishia hapo, kwa aibu. Haikuishia. Mwezi haukwisha, baba mkubwa alianza kuisimulia ile Jumamosi. Aliisimulia kilabuni, mnadani, kwenye misiba watu wakiwa wamekaa matangani. Kwenye hadithi yake hakuna usaili na hakuna mkono. Kuna jua, kuna kilo thelathini ambazo zikawa arobaini, na kuna kijana anayesimama. "Damu ya pwani mara tatu," alimalizia hivyo. Na kama kaka Leo alikuwa karibu alimwita ili watu wamwone.

Kaka Leo alivumilia mwaka na kitu. Siku moja aliondoka na baiskeli ya Zablon, ambayo aliirudisha baadaye kwa kumtuma mtu, na yeye hakurudi nayo.

Sasa niko kidato cha nne, bweni, hapa Tabora mjini. Kaka Leo yuko Gongoni, hapahapa mjini, kwenye duka la vifaa la Bwana Akbar: misumari, kamba, ndoo, rangi, waya. Mkono umerudi nusu. Anashika kikombe, anashika kalamu, lakini juu ya bega haupandi. Vitu vya rafu ya juu anaviangua kwa fimbo yenye ndoano aliyoitengeneza mwenyewe, na hajawahi kuvunja kitu, Bwana Akbar anasema, isipokuwa taa moja ya kandili. Jumapili nikipata ruhusa napita kumsalimia baada ya misa. Ananipa soda na kuniuliza hesabu za kidato cha nne, halafu ananikosoa.

Mwezi uliopita nilimkuta baba mkubwa dukani. Amezeeka kidogo, shingo imekuwa nyembamba. Alikuja kununua waya wa kufungia mizinga. Nikampa shikamoo, akaitikia huku anaendelea, maana alikuwa katikati ya hadithi, anamsimulia Bwana Akbar. Kaka Leo alikuwa nyuma ya kaunta anapima misumari kwenye mizani, amewapa mgongo.

"Saa mbili na nusu mpaka saa nane!" baba mkubwa alikuwa anasema. "Huyu huyu. Kilo arobaini."

"Thelathini," kaka Leo akasema bila kugeuka.

"Thelathini, arobaini! Na mchanga wenyewe umelowa."

Bwana Akbar alikuwa ameacha kuandika. "Mzee, hapo pote wewe ulikuwa wapi?"

"Sikonge."

"Baiskeli iliharibika?"

"Iharibike wapi! Yule mnunuzi tulimalizana naye asubuhi, saa tatu tu." Baba mkubwa alicheka, akamgusa Bwana Akbar mkono kama anampa siri nzuri. "Nilikaa kibandani kwa mtu nikanywa chai. Nikakaa. Nilikuwa nataka kujua atakomea wapi."

Mizani ililia kidogo. Kaka Leo aliongeza misumari mitatu, akatoa mmoja, akafunga kwenye gazeti. Bwana Akbar aliutazama mgongo wake, akaitazama ile fimbo ya ndoano ukutani, halafu akamwandikia baba mkubwa risiti ya waya. Baba mkubwa akaaga, akaenda.

Mteja mmoja aliingia akanunua bawaba. Akatoka. Bwana Akbar akaenda kuswali. Nilibaki nimekaa kwenye ndoo ya rangi, nikaiweka soda chini.

"Umesikia?" nikamwambia. "Alimaliza saa tatu!"

"Nimesikia."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nahisi. Sikonge si Dodoma."

"Kaka Leo, alikuwa anakunywa chai! Hakuwepo kabisa. Mama yako alikuwa ndani, mlango umefungwa. Hakuna aliyekushika. Mimi nilikuuliza siku ile hukunijibu. Kwa nini hukutua tu?"

Alichukua ufagio kwa mkono wa kushoto, akafagia vipande vya gazeti mpaka mlangoni, akavisukuma nje. Alikuwa anafikiria, au alikuwa anafagia tu. Halafu akageuka akaniangalia, bila hasira, kama anavyoniangalia nikikosea hesabu.

"Nilikuwa nasubiri nyie mwondoke," akasema.